Alifika juu wa kwanza, akala aiskrimu

Wengi mlioikosa ile Jumamosi nilipoongea na waendesha baiskeli wetu mmenipigia na wengine mmenitumia meseji mnataka nilichoongea, basi nimekaa nimeandika vilevile nilivyoongea, ila sehemu chache nimeongezea maana siku ile jua lilikuwa kali na niliona watu wameanza kusogea kivulini nikapita haraka.

Wazee wangu shikamooni. Vijana habari za asubuhi, na nyie mabinti wanne mliokuja na baiskeli zenu leo nimewaona, karibuni sana, mmenifurahisha kuliko mnavyojua.

Nimeombwa niongee kuhusu kupanda mlima. Mi nitaongea kuhusu mtu mmoja tu. Mhispania, anaitwa Federico Martín Bahamontes, alizaliwa 1928, amefariki 2023 akiwa na miaka 95, na ndo Mhispania wa kwanza kabisa kushinda Tour de France, ile mbio kubwa ya baiskeli kuliko zote duniani, alishinda 1959. Watu walimwita Tai wa Toledo. Nimemchagua huyu kwa sababu ya jambo lililotokea wiki mbili zilizopita kwenye mbio ya baiskeli hapo mlima Sekenke. Kijana mwenyewe yupo hapa, simtaji jina, nimeongea nae na amesema sawa nilisimulie. Walitoka Shelui kundi zima, mlima ulipoanza akawaacha wote, yani wote, akafika juu peke yake ukiangalia chini kwenye kona humuoni hata mmoja, akashuka kwenye baiskeli akasimama pembeni watu wanampiga picha na yeye anapunga mkono. Na mbio ilikuwa inaishia Misigiri, bado safari ipo. Akamaliza wa sita. Alipofika akaniambia, "lakini mwalimu, mlima si nimeshinda mimi?" Nilikosa cha kumjibu palepale, maana nilimkumbuka Bahamontes, ambae kwa miaka mitano mizima aliishi na neno hilohilo.

Turudi 1954. Bahamontes ana miaka 26, ndo Tour yake ya kwanza, hakuna anaemjua Ufaransa. Kuna siku wanatoka Lyon wanaenda Grenoble, njiani kuna kilima kinaitwa Romeyère, kwenye milima ya Vercors. Anapanda, anawaacha watu wote, anafika juu peke yake. Halafu anasimama. Pale juu kuna mtu anauza aiskrimu, anachukua moja, anakula, anawasubiri wenzie wafike ndo washuke pamoja. Hii hadithi Ulaya kila anaependa baiskeli anaijua, kwa miaka zaidi ya 70 watu wameisimulia kwamba jamaa alikuwa na nguvu za ajabu mpaka anasimama kula aiskrimu katikati ya mbio.

Sasa mwenyewe alikuwa anasema hapana, haikuwa maringo. Alisema gari lilimrushia jiwe likamvunjia spoku, na gari la timu yake lenye ringi la akiba lilikuwa nyuma huko, haliwezi kupita. Na mimi kama fundi namuamini, ngoja niwaonyeshe kwa nini.

(Hapa nilichukua ringi la nyuma nikalifunga kwenye fremu iliyogeuzwa miguu juu. Kwa mliokosa, fanyeni hivi wenyewe nyumbani.)

Zungusheni, angalieni hapa kwenye raba za breki. Linapita katikati, haligusi kushoto haligusi kulia. Hiyo ni kwa sababu kila spoku ya upande huu inavuta ringi kuja huku, na ya upande wa pili inavuta kwenda kule, zinavutana zote kwa pamoja ndo maana ringi linanyooka. Sasa nakata mbili za upande mmoja, zilizokaribiana. Zungusha tena. Mmeona? Limepinda hapohapo, hakuna aliyeligonga, zile za upande wa pili zimeshinda mvutano. Sikilizeni, tsa, tsa, tsa, kila likizunguka linagonga raba. Ukiwa unapanda mlima unaweza kulegeza breki ukaendelea kukanyaga, inauma lakini unaenda, spidi ni ndogo. Ukianza kushuka na hili ringi kwenye barabara ya milimani yenye kona na korongo pembeni, breki hujui itashika wapi, na zile spoku zilizobaki zinaweza kukatika moja moja huku uko spidi ya gari. Mtu mwenye akili anasimama. Anasubiri gari. Na kama kuna aiskrimu, na ni Julai kiangazi cha Ulaya, anakula.

Kwa hiyo spoku ni kweli. Lakini, na hapa ndo nataka mnielewe, kuna kitu kingine nacho kilikuwa kweli. Bahamontes alikuwa anaogopa kushuka. Zamani kabla hajawa na jina aliwahi kukosa kona kwenye mteremko akaingia mzima mzima kwenye dungusi, ile mimea ya miiba, na tangu hapo mteremko ulikuwa adui yake. Anapanda kama ndege, anashuka kama mtu anaeshuka ngazi usiku taa zimezimika. Mimi simcheki hata kidogo. Nilikuwa na miaka 19 nashusha mkaa kwenda Shelui, gunia mbili kwenye keria nimezifunga na mipira ya tyubu, baiskeli Foniksi ile ya breki za vyuma, chuma cha breki ya nyuma kikachomoka nikiwa katikati ya mteremko. Nilichagua miiba kuliko lori lililokuwa linapanda. Mama alinitoa miiba mpaka usiku, na mwaka mzima baada ya hapo kila nikifika ule mteremko nilikuwa nashuka chini natembea na baiskeli mkononi. Kwa hiyo nikisoma kwamba huyu bwana alikuwa anafika kileleni anapunguza, moyo wangu unamuelewa kabisa.

Tatizo lilikuwa hesabu. Tour ina mashindano mawili ndani ya moja, na wengi hapa mnachanganya. Kuna ushindi wa milima, yani kila mlima uliopangwa kwenye orodha, wa kwanza kufika juu anapata pointi nyingi kuliko wenzie, na hizo pointi ukishazivuka ni zako, hata ukishuka ukalala haziondoki. Halafu kuna ushindi wenyewe, ule wa jezi ya njano, ambao ni muda tu, wanajumlisha muda wako wa siku zote tangu ya kwanza mpaka Paris, mwenye muda mdogo kuliko wote ndo bingwa. Ukipata dakika mbili kwenye kupanda ukazirudisha kwenye kushuka, kwenye milima wewe ni mfalme na kwenye muda hujafanya kitu. Mwaka huo wa 1954 Bahamontes akachukua ufalme wa milima, mara yake ya kwanza kushiriki, na kwenye muda akawa wa 25. Na aliridhika. Na Uhispania waliridhika, kwa sababu tangu 1933 Vicente Trueba alivyochukua milima wao walijiona ni watu wa milima, yale mengine ni ya Wafaransa na Waitaliano.

Sasa mtu anaweza kuuliza, kwa nini bingwa aridhike? Mi naona jibu lipo kwenye alikotoka, na hapa nitakaa kidogo maana hii sehemu ndo inanigusa zaidi.

Alizaliwa kijijini, Santo Domingo-Caudilla, mkoa wa Toledo, familia maskini. Ana miaka 8 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, 1936, wakakimbilia Madrid. Vita vikaisha 1939 na njaa ndo ikaanza vizuri. Serikali ya Jenerali Franco ikaweka chakula kwa mgao, kila familia na kadi yake, na ile mgao haikufutwa mpaka 1952, yani miaka 13 baada ya vita. Mwenyewe alishasimulia kwamba kuna wakati walikula paka. Mgao hautoshi, kwa hiyo watu wakaingia kwenye magendo, Wahispania wanaita estraperlo. Na Bahamontes kijana akanunua baiskeli iliyotumika, sio ya mbio, ya kazi. Akawa anaenda vijijini anachukua unga, ngano, maharage, anafunga nyuma, anarudi mjini kuuza, njia nzima anakwepa askari, wale Guardia Civil, maana wakikukamata mzigo umekwenda. Na mji wa Toledo, kama hamuujui, umekaa juu ya mwamba, mto Tajo umeuzunguka pande tatu. Yani popote ulipotoka, na mzigo wako wa unga, na njaa yako, mwisho wa safari ni mlima. Kila siku. Hayo ndo yalikuwa mazoezi, hana kocha hana saa ya kupima mapigo ya moyo, ana gunia la unga na askari nyuma.

Wenzetu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wanaijua hii habari bila kufundishwa. Neno bodaboda lilianzia kwenye baiskeli, vijana wanavusha watu na mizigo toka mpaka mmoja hadi mwingine, boda kwa boda, kabla pikipiki hazijaja. Na hapa kwetu nani hajabeba maji, mkaa, mpunga? Ndo maana nikiona mtoto wa hapa anapanda Sekenke na baiskeli tupu kama haguswi na kitu sishangai, yule miguu yake haijawahi kupanda bila mzigo.

Ila mzigo unakufundisha kupanda na unakufundisha kuridhika. Ukishafika juu mzigo haujaanguka, askari hawajakukamata, siku imeisha vizuri. Huulizi zaidi. Bahamontes alipoingia kwenye mbio akakuta kuna pesa kwenye vilele vya milima, zawadi kwa anaefika wa kwanza, we unadhani mtu aliyekula paka atafanya nini? Atachukua kilele. Kesho atachukua kingine. Mbio zenyewe ni za wenye nafasi ya kusubiri wiki tatu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuumiza. 1956 akawa wa nne kwenye muda, nafasi nzuri tu, watu wakaanza kusema huyu anaweza. 1957 mambo yakaharibika. Kwenye mbio za nyumbani, Vuelta, yeye alikuwa na jezi ya kiongozi, na ndani ya timu hiyohiyo ya Uhispania kulikuwa na Jesús Loroño, Mbaski, yani wa kaskazini mwa Uhispania, hawapatani hata kusalimiana ni shida. Siku moja Loroño akatoroka na kundi, akapata zaidi ya dakika 20, na meneja wa timu, Luis Puig, akamzuia Bahamontes asifukuze kwa sababu ni timu moja. Vuelta ikaenda kwa Loroño, yeye wa pili. Nchi nzima ikagawanyika, huyu wa Bahamontes huyu wa Loroño. Miezi miwili baadae kwenye Tour mkono ukawa unamuuma, akashuka kwenye baiskeli akakaa pembeni ya barabara. Puig akamwomba aendelee, akamwomba kwa jina la mkewe, kwa jina la Uhispania, kwa jina la Franco mwenyewe. Bahamontes akavua viatu akavitupa ili asiweze kurudi juu ya baiskeli hata wakimlazimisha.

Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi. Watu wanasema alikuwa na kichwa kigumu, na ni kweli alikuwa nacho. Lakini mi naona mtu ambae hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa nae akamwambia, wewe tunakujengea timu, wewe unaweza kushinda yote. Walikuwa wanamtumia kama mtu wa kwenda kuchukua milima, basi.

Aliyemwambia alikuwa Mwitaliano, Fausto Coppi. Coppi ni mkubwa, alishashinda Tour mara mbili, 1949 na 1952, Giro d'Italia, mbio kubwa ya kwao Italia, mara tano, na wakati huo anazeeka anatengeneza timu yenye jina lake. Akamchukua Bahamontes kwa msimu wa 1959. Na kitu alichomwambia kwa maana yake ni hiki: acha kukimbilia kila kilele, wewe unaweza kushinda Tour. Mtu aliyeshinda anakwambia unaweza kushinda. Sio shabiki, sio mwandishi wa gazeti, sio jirani.

Sasa 1959. Naomba hapa msikilize vizuri.

Wakati ule Tour ilikuwa inakimbiwa kwa timu za taifa. Ufaransa walikuwa na watu wengi wakali mpaka wamezidi, ndani ya timu moja Jacques Anquetil aliyeshinda 1957, Roger Rivière aliyekuwa na rekodi ya dunia ya kwenda mbali zaidi ndani ya saa moja, Louison Bobet aliyeshinda mara tatu mfululizo, 1953, 1954 na 1955, na bado kwenye timu ya mkoa yupo Henry Anglade, bingwa wa Ufaransa mwaka uleule. Kila mmoja anataka yeye. Halafu kuna Charly Gaul wa Luxembourg, bingwa wa mwaka uliotangulia, mpanda milima kama Bahamontes au zaidi, ila joto linamuua.

Bahamontes akaanza kwa kitu ambacho hakuwahi kufanya, akatulia. Siku ya kwenda Aurillac, joto kali, kundi likakatika, na yeye alikuwa mbele. Hakuwa mbele kwa sababu ya mlima, alikuwa mbele kwa sababu alikuwa macho. Gaul siku ile akapoteza dakika 20 hivi. Mbio ya Gaul ikafia pale, barabarani tu. Siku mbili baadae wakapanda Puy de Dôme, mlima wa volkano ya zamani katikati ya Ufaransa, barabara inauzunguka kama uzi kwenye kibunzi, kilomita 12.5, mmoja mmoja dhidi ya saa, huna wa kumfuata huna wa kujificha nyuma yake. Bahamontes akawapiga wote, hata Gaul. Halafu siku ya kwenda Grenoble, wakatoroka wawili, yeye na Gaul. Gaul alishakosa Tour anataka ushindi wa siku, Bahamontes anataka muda, wakasaidiana kama marafiki, Gaul akashinda siku ile, Bahamontes akavaa jezi ya njano. Grenoble! Mji uleule aliokuwa anauendea mwaka wa aiskrimu.

Kesho yake walipita Iseran, barabara ya zaidi ya mita 2,700 juu. Bobet, yule bingwa mara tatu, alikuwa amekwisha nguvu kabisa, ila hakutaka kuachia chini. Akapanda mpaka kileleni, pale juu akashuka kwenye baiskeli, na Tour yake ikaishia pale, hakurudi tena kuikimbia. Mtu mmoja anasimama kileleni kwa sababu Tour kwake imekwisha, na mwingine aliyekuwa na tabia ya kusimama vileleni siku hiyo anapita, anashuka na jezi ya njano mgongoni, anashuka vibaya, anaachwa, lakini anashuka.

Na hapa ndo Wafaransa wakajimaliza. Kwenye mteremko Bahamontes alipoachwa wangeweza kummaliza, kundi lilikuwa mbele yake. Lakini wakimfukuzia mbali, atakaefaidika ni Anglade, ambae ni Mfaransa mwenzao lakini hayupo kambi yao, ana wakala mwingine, na wakati ule hela kubwa ya mwendesha baiskeli ilikuwa kwenye zile mbio za mijini baada ya Tour, wakala ndo anapanga nani alipwe ngapi. Anquetil na Rivière wakaona heri ashinde Mhispania. Wakalegeza. Bahamontes akarudi kwenye kundi. Tarehe 18 Julai wakaingia Paris uwanja wa Parc des Princes, Bahamontes wa kwanza, Anglade nyuma yake kwa dakika 4 na sekunde 1, Anquetil wa tatu kwa dakika 5 na sekunde 5, Rivière wa nne. Uwanja mzima ukawazomea Anquetil na Rivière kwa miluzi. Anquetil baadae alinunua boti akaiita kwa jina la ile miluzi ya 1959.

Kuna watu wanasema basi alipewa. Mi nakataa, na nimekataa mbele ya watu wengi. Wafaransa waligombana, ni kweli, lakini ugomvi wao usingemsaidia mtu aliyekuwa wa 25. Ili ugomvi wa wengine ukufae lazima uwepo pale karibu, na kuwepo pale alikulipia Aurillac na Puy de Dôme.

Coppi hakuishi kuona yaliyofuata. Desemba ya mwaka huohuo alikwenda Upper Volta, ndo Burkina Faso ya leo, kukimbia mbio ya maonyesho na kuwinda, akarudi Italia na homa. Madaktari hawakujua ni nini. Ilikuwa malaria. Akafa tarehe 2 Januari 1960, miaka 40. Hapa hamna mtu mzima ambae hajaugua malaria, kila mtu anaijua dawa yake, na bingwa mkubwa kuliko wote wa Italia alikufa nayo kwa sababu waliokuwa karibu yake hawakuitambua. Raphaël Géminiani, mwenzie waliyelala chumba kimoja kule, nae aliugua, yeye kwao Ufaransa waliijua, akapona. Mkumbukeni Géminiani, anarudi sasa hivi.

Baada ya hapo Bahamontes akawa na misimu mibaya, 1960 aliondoka kwenye Tour mapema kabisa. Nadhani watu wengi wangeishia hapo. Lakini 1962 akachukua milima tena, na 1963, akiwa na miaka 35, akarudi kupigania njano yenyewe dhidi ya Anquetil, ambae sasa ndo mfalme. Wakiwa wamefika Val d'Isère Bahamontes akavaa jezi ya njano, akawa mbele ya Anquetil kwa sekunde chache tu. Kesho yake ni kwenda Chamonix kupitia Forclaz upande wa Uswisi, mlima mkali. Kanuni ya wakati ule ilikuwa huruhusiwi kubadilisha baiskeli ila ikiharibika. Géminiani, yuleyule, sasa ni meneja wa Anquetil. Chini ya mlima Anquetil akapiga kelele kwamba gia imeharibika, Géminiani akashuka kwenye gari na koleo akakata kebo ya gia, halafu akawaonyesha wasimamizi, angalieni imekatika, akampa Anquetil baiskeli nyepesi ya kupandia. Wakapanda, Bahamontes akashambulia, Anquetil akabaki nae kwa baiskeli nyepesi, juu wakambadilishia tena akapata ya kushukia, na Chamonix akampita kwenye mstari. Njano ikaenda kwa Anquetil. Mwisho Paris, Bahamontes wa pili kwa dakika 3 na sekunde 35.

Mi hiyo kebo inaniuma mpaka leo, nikiri. Fundi anaekata kebo nzima! Géminiani mwenyewe aliisimulia miaka mingi akijisifu.

1964 akiwa na miaka 36 akamaliza wa tatu, nyuma ya Anquetil na Raymond Poulidor, akashinda siku mbili na milima kwa mara ya sita. Angalieni tu hiyo, mwaka 1954 mfalme wa milima na wa 25, miaka kumi baadae mfalme wa milima na wa tatu. Milima hakuiacha. Ila alikuwa ameshajifunza kutosimama. 1965 aliacha Tour katikati, miguu ilikuwa imekwisha, akarudi Toledo kwenye duka lake la baiskeli na pikipiki. Rekodi yake ya milima sita Lucien Van Impe aliifikia 1983 na Richard Virenque akaipita 2004. Ile jezi nyeupe ya madoa mekundu mnayoiona kwenye tivii, ya mfalme wa milima, ilianza 1975. Yeye hakuwahi kukimbia nayo hata siku moja. Na Mhispania wa pili kushinda Tour, Luis Ocaña, alikuja 1973, miaka 14 baada yake.

Kijana wangu wa Sekenke, wewe uliniuliza mlima si umeshinda wewe. Ndiyo, umeshinda wewe, na hakuna atakaekunyang'anya. Jumapili ijayo tunaenda wawili, asubuhi sana kabla malori hayajaanza. Kupanda hutapanda, nitakupakia kwenye pikapu mpaka juu, halafu tunashuka. Mara nne, mara tano, polepole, nikuonyeshe jicho liende wapi kwenye kona, makalio yarudi nyuma kiasi gani, breki ya mbele uiguse lini na uiache lini. Mimi mwenyewe ilinichukua mwaka mzima kurudi kwenye ule mteremko na hakukuwa na mtu wa kushuka nami.

Na kabla hamjatawanyika, yeyote ambae ringi lake linagonga breki asiondoke nalo hivyohivyo. Leteni hapa mezani, spoku ninazo za kutosha, na hizi mbili nilizokata nitazirudishia mbele yenu muone zinavyokazwa.